Barua Niliyoisoma Mwenyewe

Kazi yangu ilikuwa kuchoma chokaa. Asiyeijua asidhani ni kazi ya mjinga. Unapanga magogo ya mikoko duara, unajaza matumbawe juu, unatia moto, kisha unangoja majuma hata jiwe livunjike lenyewe liwe unga. Chokaa hula mikono. Viganja vyangu vilichubuka nikiwa kijana na havikurudi, nami nilikuwa nikiwaonyesha watu kama mwingine aonyeshavyo pete. Nilianza na tanuu moja ya kukodi nyuma ya Mtangawanda. Nilipofika makamo nilikuwa na tanuu tatu na mashua mbili, na hakuna aliyenirithisha hata kikapu.

Kusoma sikusoma. Niliingia chuoni kama watoto wote, nikafika sura chache, baba akafa, nikatoka. Herufi nilizijua. Kuziunganisha niliunganisha polepole, kama mtu avukaye matope akichagua pa kukanyaga. Nilipopata mali nikaanza kusema kwamba mimi nasoma. Mwanzo nilisema kwa mzaha. Baadaye watu wakaacha kucheka, nami nikaacha kufanya mzaha.

Mwanangu wa kwanza nilitaka awe mwanachuoni. Nikampeleka kwa mwalimu wa mtaa wetu, mtu mkimya mwenye kanzu moja. Desturi ilikuwa unatoa ada ya ufito, yaani fimbo atakayopigwa nayo mwanao unainunua wewe. Kila Alhamisi mtoto hupeleka pesa moja au kibaba cha mchele, na akihitimu Msahafu, mzazi humtunza mwalimu kwa kadiri ya uwezo wake. Uwezo wangu kila mtu aliuona. Siku ya hitima nikamwambia mbele ya watu, "Mwalimu, ufito nimenunua mimi, mgongo wa kupigwa nimeutoa mimi. Wewe umetoa nini?" Watu wakacheka. Nikampa nusu ya alichotoa mvuvi aliyekaa kibandani nyuma ya nyumba yangu. Akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Mungu akuzidishie, Bwana."

Kijana akenda Amu kusoma zaidi. Darasa za Amu hazikuwa na bei. Masheikh wale hawakuuza elimu, na mimi niliposikia hivyo nikadhani nimepata cha bure. Kumbe elimu ni bure, lakini mwenye kuitafuta hula, hulala, huvaa, na husoma kwa taa yenye mafuta. Vitabu navyo hutoka Misri na Bombei, na akimaliza kimoja hupelekwa kwa kingine kilicho kinene zaidi. Mwaka wa kwanza mashua moja ya chokaa ilimtosha mwaka mzima. Mwaka wa tatu mashua mbili hazikumtosha. Nikimuuliza mwenye nyumba aliyempangisha chumba, hunambia, "Mji umekuwa ghali, Bwana," kana kwamba mji ni mtu aliyeamka siku hiyo akabadili tabia.

Vilipokuja vita vya Wajarumani, karatasi ikawa kama hariri, na nguo usiseme. Huku kwetu watu wakaacha kujenga. Chokaa yangu ikakaa ikilowa mvua. Nikampelekea kijana salamu kwa mdomo wa nahodha wa mashua yangu: mwanamume hujibana. Sikumpelekea kitu kingine. Pesa kidogo nilikuwa nazo, lakini nilikuwa nimezishika, nikiogopa kurudi kwenye tanuu ya kukodi.

Baada ya miezi mingi nahodha yuleyule akaniletea barua. Siku zile Kiswahili tulikiandika kwa herufi za Kiarabu. Mke wangu alifundishwa na bibi yake, akisoma na kuandika kuliko wanaume wengi wa mtaa. Akanyosha mkono akasema, "Nipa niisome."

Nikamwambia, "Barua imeandikwa jina langu."

"Jina ni lako. Macho je?"

Nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilishinda nayo tangu adhuhuri hata karibu na alasiri. Nikatoka nimeihifadhi kichwani, nikamsomea mke wangu kama maji: "Baba yangu, baada ya salamu, nakuarifu kuwa nimezama katika dini hata shingoni, na kila mwezi linazidi. Mwalimu wangu anajua, na mwenye nyumba anajua. Nakuomba ufanye lipasalo kabla ya mwezi kwisha."

Mke wangu akasema, "Linazidi? Nini linalozidi?"

"Hiyo ndiyo lugha ya wanavyuoni," nikamwambia. "Wewe hukufika huko."

Akaniangalia, akarudi jikoni.

Mwana aliyezama katika dini hata shingoni, lipasalo ni nini kama si maulidi? Nikatoa zile pesa nilizozishika. Nikachinja mbuzi wawili, nikapika wali kwa masufuria ya kuazima, nikaalika mtaa mzima baada ya sala ya Ijumaa, na nahodha pia. Kabla watu hawajanawa nikasimama nikaisoma barua. Wazee wakasema mashaallah. Mzee mmoja akalia. Nami nikamwona yule mwalimu wa kanzu moja amekaa karibu na mlango, na shetani akanipa neno. Nikamtupia barua magotini nikasema, "Mwalimu, tazama mwanafunzi wako alipofika. Na wewe ungali hapa na ufito wako."

Akaitazama muda mrefu kuliko barua fupi ile ilivyohitaji. Kisha akaikunja, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mwandiko wake umekuwa mzuri." Wali wake aliula kidogo.

Watu wakaondoka, yeye akabaki. Akanisogelea na barua, akaweka kidole.

"Bwana, neno hili unalisoma vipi?"

"Dini."

"Na hili lifuatalo?"

"Linazidi."

"Dini inazidi, Bwana," akasema polepole. "Linalozidi ni deni."

Herufi zile hazitenganishi *i* na *e*. Deni na dini huandikwa sawasawa, mchoro mmoja, na msomaji hujua kwa maana. Mimi maana niliijua kabla ya kusoma. Mwanangu angaliandika neno *pesa* ningalilitambua hata lingeandikwa na kuku kwa ukucha. Lakini nilimlea asiombe. Nilimchapa kwa kuomba, akiwa mdogo, kipande cha muwa kwa jirani.

Mwalimu akanirudishia barua. Nilitaka aseme kitu, anitukane, anikumbushe siku ya hitima. Akatafuta makubadhi yake akaenda. Hata leo mtaa hawajui, kwa kuwa yeye hakumwambia mtu hata akafa. Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, alisikia yote. Hakusema, "Nilikwambia." Alikusanya sahani.

Mbuzi walikwisha liwa. Nikauza mashua moja kwa bei ya kutupa. Jambo hilo lilinichukua siku kumi na tatu. Nikaenda Amu, nikakuta chumba chake kina mpangaji mwingine. Mwenye nyumba akanambia mwezi ulikwisha, vitabu vikauzwa, na havikutosha. Mfanyabiashara mmoja wa boriti akalipa kilichobaki, naye kijana anakifanyia kazi. Nikashuka pwani. Nikamwona amesimama katikati ya magogo na kipande cha makaa, akiyatia alama. Kilemba hakuwa nacho. Alinibusu mkono, akaugeuza akatazama kiganja changu kama alivyokuwa akifanya akiwa mtoto.

Nikamtolea mfuko. Akasema, "Limelipwa, baba."

"Basi rudi darasani."

"Nafasi imepata mtu. Na nimeshampa bwana huyu ahadi ya miaka miwili."

Tukakaa juu ya magogo. Kisha akaniuliza, bila ya kunitazama, "Barua yangu ilifika?"

Ndipo nilipofanya lile lililonikalisha kuandika haya, herufi moja moja. Kusoma vibaya si dhambi, na kujivuna wengi hujivuna. Nilikuwa na neno moja la kusema, "Ilifika, sikujua kuisoma," na mbele yangu alikuwa mtu mmoja tu duniani ambaye ningeweza kumwambia. Nikasema, "Haikufika."

Akachora alama moja kwenye gogo alilokalia, ambalo lilikuwa na alama tayari.

"Nahodha alipita hapa juma lililopita," akasema. "Aliniambia nyama ilikuwa laini."

Akainuka akarudi kazini. Alimaliza ile miaka miwili, akabaki palepale, akawa karani, kisha mshirika. Leo ana mali kunishinda, na ananitunza. Wanawe wamesoma kwa fedha yake. Mmoja alipopelekwa mbali kwa masomo ya gharama kubwa nilimwambia mwanangu nitauza tanuu ya mwisho nimsaidie. Akasema, "Usijisumbue, baba." Alisema kwa upole, na ndivyo asemavyo kila mara. Tangu ile barua hajaniomba kitu, hata maji ya kunywa hujitekea mwenyewe akija kwangu.