Sofa Lililomponza Kioo

Hutaniamini, na wala sikulaumu. Mimi mwenyewe nilikuwepo na bado natia shaka.

Mpwa wangu ni kinyozi, mwanamke pekee anayeshika mashine ya kunyolea mtaa mzima. Ng'ambo ya barabara yuko Kioo, aliyebandikwa jina hilo kwa wingi wa vioo ukutani kwake. Vinyozi ni hao wawili tu, kwa hiyo kila mmoja anafanya kazi jicho likiwa kwa mwenzake. Walishushiana bei mpaka karibu wanyoe kwa ahsante, kisha, bila kusemezana, wote wakapandisha asubuhi moja. Vita ikahamia kwenye vitu: huyu feni, yule feni mbili; huyu taulo la moto, yule la moto lenye manukato. Kioo alikuwa na uwezo wa kuiga kila kitu. Mpwa wangu pumzi ikaanza kumwishia.

"Niuzie hicho kiti chako," Kioo akampigia kelele toka ng'ambo, "uje unifagilie nywele!"

Kiti chenyewe cha kuzunguka aliachiwa na marehemu baba yake. Alikuwa tayari kuuza chochote, lakini si hicho.

Akaazima sofa langu, avutie watu. Walivutika kweli! Wakaketi, wakakoroma, wakaondoka na nywele zao. Wenye haraka walikosa pa kusimama, wakavuka kwa Kioo.

"Mjomba," akasema jioni, macho yakimcheka, "kesho uje na rafiki zako mkae hapa mlangoni. Mcheke."

"Tucheke nini?"

"Chochote. Si ndiyo kazi yenu?"

Mpango ulikuwa wangu, elewa hivyo. Yeye alichangia akili tu. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kioo akachungulia, akaona sofa limejaa, akadhani ni wateja. Haikupita wiki akashusha masofa matatu manene kama viboko, chumba kikabaki na upenyo wa paka.

Siku hiyo hiyo mpwa wangu akanirudishia sofa langu, akaweka benchi jembamba la mbao ambalo hakuna kalio linalolivumilia kupita zamu moja ya kunyolewa.

Kwa Kioo wakahamia wasinziaji wote wa mtaa. Mwenye nywele alilazimika kuruka miguu ya watu kama anavuka mto. Akachoka, akaja kwa mpwa wangu. Foleni ikatoka mlangoni, ikapinda kona, ikazunguka soko, mpaka msafara wa waziri ukakwama, waziri mwenyewe akashuka, akavua kofia, akasema—

"Mjomba." Kumbe mpwa wangu anasoma ninayoandika, kasimama begani kwangu, kitana mkononi. "Waziri gani?"

"Yule wa... yule mwenye kofia."

"Walikuwa watu saba na benchi moja. Kiti cha baba kimebaki, mimi imenitosha. Na wewe siku hiyo ulikuwa umelala kwa Kioo, sofa la katikati."

"Nilikuwa napeleleza! Tena nilifumba jicho moja tu, lile jingine li—"