Breki za Kiwandani

Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliingia nyumbani kwetu, kijiji cha Daudi, siku ya Alhamisi na gari la milango miwili lililokaa chini mno. Kuku wetu wana desturi ya kujificha jua chini ya kila gari linaloingia uani. Hilo walilizunguka mara mbili, wakakata tamaa, wakaenda zao.

Jumamosi alikuwa anavuka mpaka kwenda kushindana. Alinieleza kwamba huko kuna uwanja wa lami uliojengwa kwa kazi hiyo tu: watu wanazunguka mbio, saa nzima, wala hawaendi popote. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeona wengi wakizunguka bila kwenda popote, ila hawa wanafanya kwa hiari na wanavaa kofia ngumu.

Alikuwa amekuja kuomba baraka za baba. Baba yetu aliendesha malori maisha yake yote ya kazi, akibeba ngano ya Hanang na vitunguu saumu vya huku kwetu. Sasa anafuga ng'ombe wanne na kuumwa magoti. Siku hiyo, pamoja na magoti yake, alichuchumaa kando ya gurudumu akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Shikamoo, baba," mdogo wangu alisema.

"Marahaba. Breki zake?"

"Za kiwandani, baba. Hili ni gari la kasi tangu lilipozaliwa. Waliolitengeneza wanajua kazi yao."

"Najua wanajua. Walimtengenezea nani? Mtu wa barabarani au mtu wa huko uwanjani?"

Mdogo wangu akacheka kwa adabu. "Baba, ukizikanyaga, gari linasimama pale pale."

"Mara ngapi?"

Baba akainuka kwa kushika mlango. "Breki yoyote itakusimamishia gari mara moja," alisema. "Mimi nakuuliza habari ya mara ya ishirini, kabla hazijapumzika."

Hakumkataza. Mtoto mwenye ndevu na kazi Arusha hakatazwi. Alisema tu kwamba kesho alfajiri tutashuka mlima wa Magara, barabara ikiwa tupu, naye kijana aendeshe kama atakavyoendesha Jumamosi. Baraka zingefuata baadaye. Mimi nilijipakia kiti cha nyuma, ambacho si kiti, ni rafu ya kuwekea mkoba, nikiwa na chupa kubwa ya maji mapajani.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya mlima. Kona ya kwanza ilikuja, na mdogo wangu hakupunguza mwendo mpaka nilipoanza kusali. Ndipo akakanyaga. Sijawahi kuona kitu kama kile. Gari lilitulia kwenye zege la barabara kana kwamba mlima wote umelishika kwa mkono, na mashavu yangu yakatangulia mbele. Kona ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Nilisahau hofu, nikabaki kustaajabu kwamba kuna watu mahali fulani waliokaa wakafikiria jambo hili la kusimama mpaka likawa zuri hivyo.

"Zinashika," baba alisema. Alisema kwa heshima kabisa.

Harufu ilianza karibu na katikati ya mlima, kali, ya kitu kilichoungua jikoni. Kwenye kona iliyofuata mdogo wangu alikanyaga, na mguu wake ukaenda mpaka sakafuni. Gari likaendelea kushuka. Niliuona uso wake kwenye kioo, ukawa uso wa mtoto niliyembeba mgongoni.

Baba hakupandisha sauti. "Mafuta ya breki yamechemka," alisema. "Pigapiga pedali. Haya. Sasa gia namba tatu. Acha injini ilie. Namba mbili. Usiogope kelele. Bana upande wa mlima." Ilikuwa sauti ile ile anayoongozea ng'ombe wanapolima shamba lenye mteremko, sauti ya mtu mwenye siku nzima mbele yake. Injini ilinguruma, korongo likapita upande wangu likiwa limejaa ukungu, kisha barabara ikalala kidogo na gari likajikokota mpaka likasimama kwenye lundo la kokoto.

Tulitoka. Ndani ya magurudumu ya mbele, katika giza lile la ukungu, diski za breki zilikuwa nyekundu kama makaa. Tulisimama watatu kuzitazama. Mwendo wetu wote tulioupunguza kwenye kona zile ulikuwa umekwenda kukaa pale kwenye chuma.

Mdogo wangu ndiye aliyepata pumzi kwanza. "Zikipoa zinarudi," alisema. "Huko kesho nitazipumzisha pumzisha. Naenda tu, baba."

Baba alimtazama. Kisha akanigeukia. "Nipe hayo maji."

Akamimina chupa nzima, gurudumu hili kisha lile. Mvuke ukapanda, na chuma kikalia, ta, halafu ta. Nyufa zilionekana kwa macho.

"Baba!" mdogo wangu alisema, akashika kichwa. Halafu, kwa kuwa ana moyo mzuri, akamshika mzee bega. "Basi. Si kosa lako. Hukujua."

"Nilidhani nazisaidia," baba alisema, akainamisha kichwa.

Lori la vitunguu saumu lilituvuta kurudi nyumbani. Jumamosi ikapita gari likiwa limeinuliwa juu ya matofali, na kuku hatimaye wakapata kivuli chao.

Mimi nilinyamaza. Nilipokuwa na miaka tisa, baba alirudi safari na lori lenye gurudumu linalofuka, nami nikakimbia na ndoo nimsaidie. Alinidaka mkono kwa nguvu, akanifokea mbele ya utingo wake, mara ya pekee maishani: chuma cha moto hakimwagiwi maji, kinapasuka. Mtu huyu, ambaye madereva wa Katesh mpaka Mbulu walikuwa wakimfuata kuuliza, alikubali kuonekana mshamba mbele ya mwanawe.

Baadaye mdogo wangu alifunga diski nyingine, pedi za mashindano na mafuta yasiyochemka upesi. Alishuka Magara mara mbili mfululizo, baba akambariki, na sasa anashindana na kurudi mzima. Krismasi iliyopita aliwasimulia wageni jinsi mzee alivyozimwagia maji breki nyekundu. Sebule nzima ilicheka.

"Kweli mzee hukujua?" mmoja aliuliza.

"Sisi wa zamani tungejulia wapi?" baba alisema, akicheka nao, akanisogezea kikombe nimwongezee chai.