Shikamoo Niliyoizuia Jukwaani

Harufu ya mabaki ya mkonge ni kali na chachu, ya kitu kilichooza huku bado ni kibichi. Ukikutana nayo asubuhi Kwamndolwa, pembeni mwa mji wa Korogwe, unaweza kuapa kwamba ng'ombe elfu moja wamecheua kwa pamoja. Niliinusa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa, niliposhushwa pale na begi langu la nguo, na mpaka leo ikinipitia puani nageuka tena kuwa mtoto mgeni asiye na wa kucheza naye. Baba alikuwa ameondoka nyumbani kwetu Chanika, Handeni, bila kuaga, na mama akanipeleka kwa dada yake "mpaka mambo yakae sawa." Mama mkubwa alikuwa mwema, lakini alitoka na mboga zake kwenda sokoni kabla jogoo hajapiga miayo, akarudi amechoka hata kutamka jina langu. Watoto wa jirani walinipokea na kikombe cha maji. "Kunywa, Mhandeni! Kunywa ushibe, kwenu maji mnayaona kwenye picha tu!" Nilicheka pamoja nao. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kukaa na kuku, ambao nilishawapa majina wote na kuwasimulia maisha yangu mara mbili.

Kilichonitoa kwa kuku ni kelele. Alasiri moja, kutoka ukumbi wa zamani wa wafanyakazi wa mkonge, nilisikia mwanamume akifoka kana kwamba mtu anauawa. Nikachungulia dirishani. Kumbe ni kikundi cha maigizo kinafanya mazoezi, na aliyefoka ni Mzee Semboja, mmoja wa waongozaji wawili. Mzee yule alikuwa na sauti ambayo akikohoa Kwamndolwa, watu wa Magoma wanasema pole. Mwongozaji wa pili alikuwa Mama Anjela, mjukuu wa wakata mkonge, mwembamba, asiyepandisha sauti hata akikanyagwa. Walibishana kutwa nzima. Mzee alitaka maneno yasikike, Mama Anjela alitaka watu wajue kunyamaza.

"Wewe wa dirishani," Mzee Semboja aliniita, "una masikio?"

"Ninayo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kakae benchi la mwisho. Neno lisipokufikia, nyoosha mkono."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu. Kila alasiri nilikaa peke yangu kwenye ukumbi ambao kwangu ulikuwa mrefu kama barabara ya kwenda Tanga, popo juu, mabenchi matupu mbele yangu, na kule mbali watu wazima wakilia, wakioana, wakifukuzana. Nikinyoosha mkono, Mzee anasimamisha kila kitu. "Mtoto hajasikia! Mwenye igizo ni yule wa benchi la mwisho, maana ndiye aliyetoka mbali kuliko wote!" Nilikuwa mpweke, lakini kwa mara ya kwanza upweke wangu ulikuwa na cheo.

Kisha binti aliyeigiza mtoto akahama na wazazi wake, na igizo lilikuwa limeshaahidiwa Chanika. Chanika kwetu! Mama Anjela aliponipa nafasi ile sikuuliza hata ninaigiza nini. Kichwani nilishamaliza hesabu: mama atakuja, ataniona, atafuta machozi na kanga, jioni hiyohiyo atanirudisha nyumbani. Mama mkubwa akampigia simu. Jibu likaja: "Mwambie nitakuja."

Igizo lilihusu baba aliyeitelekeza familia akarudi baada ya miaka mingi. Baba ni Mzee Semboja mwenyewe. Anaingia, anajieleza kirefu, na mtoto anamtazama tu bila neno. Mwishoni kabisa ndipo mtoto anamwamkia. Rahisi, si ndiyo? Sasa mzee mwenye mvi mpaka kwenye nyusi anaingia mlangoni, anakutazama usoni. Mtoto aliyelelewa Handeni afanye nini? "Shikamoo!" linanitoka kabla hajafika katikati. Naye kwa mazoea anajibu, "Marahaba, mwanangu," na igizo linakwisha kabla halijaanza. Tulirudia, nikamwamkia. Tukarudia, nikamwamkia kwa heshima zaidi, na magoti nikapiga. Waigizaji walicheka mpaka popo wakahama.

Mama Anjela peke yake hakucheka. Alinikalisha ukingoni mwa jukwaa. "Baba yako alipoondoka, ulimwamkia asubuhi ile?"

"Hapana. Niliamka nikakuta hayupo."

"Basi hiyo shikamoo bado unayo. Ishike mdomoni kama pipi. Usiitafune, usiiteme. Ikianza kukuuma, ndipo uitoe."

Siku ya Chanika mabenchi yalipangwa kwenye uwanja wa shule, jua likielekea kushuka. Walikuwapo watu elfu kumi, au tuseme themanini. Mzee Semboja akaingia, akaanza kujieleza, nami nikanyamaza kweli, kwa sababu macho yangu yalikuwa yakipita benchi hadi benchi yakimtafuta mama. Nilikagua kila kanga. Nikafika benchi la mwisho. Hakuwepo. Ile pipi ikaanza kuuma, na zamu yangu ikafika. Nikavuta pumzi kama Mzee alivyonifundisha, nikaipitisha sauti juu ya bega lake mpaka mwisho wa uwanja: "Shikamoo."

Baba wa igizo alitakiwa achelewe kujibu, ndivyo Mama Anjela alivyopanga. Katika ukimya ule, bibi mmoja wa benchi la mwisho, ambaye sikumjua wala sijamwona tena, akasema taratibu, "Marahaba, mwanangu." Mwingine akaitikia. Halafu uwanja wote.

"Wameniibia jibu langu," Mzee Semboja alilalamika garini, huku akijifuta macho. Nilikuwa nimekaa nyuma, nimepakata begi. Nguo zangu zote zilikuwamo. Baadaye tulisikia kwamba mgahawani alikofanya kazi mama hawakumruhusu kutoka.

Jukwaa sikuliacha. Hata kidato cha nne nilikimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni, nikiwa mwanafunzi pekee aliyeombwa na mwalimu apunguze sauti. Ukumbi wa Kwamndolwa sasa wanahifadhia mahindi. Vijana ninaowaongoza wanaigizia simu iliyo umbali wa mkono, na watazamaji wetu ni wengi kuliko watu wote wa mkoa, ukijumlisha na mbuzi. Nikiwaambia wafikirie benchi la mwisho wananiuliza, "Benchi lipi, mama?" Wanatumiwa vidole gumba na mioyo myekundu. Mpaka sasa sijaona marahaba.

Siku hizi nimerudi Chanika, naishi na mama, ambaye masikio yake yamechoka. Siku ile hatujawahi kuizungumzia. Lakini kila asubuhi nasimama mlangoni pake, navuta pumzi ya Mzee Semboja, naitoa kwa sauti ya benchi la mwisho: "Shikamoo, mama!"

"Marahaba!" ananijibu kwa hasira. "Mbona unanipigia kelele? Kwani mimi niko Korogwe?"