Kompyuta Iliyowapa Wageni Mgongo

Kaka yangu mkubwa ana tabia ambayo nimeshindwa kuizoea: akiingia nyumbani kwa mtu, anaanza kutafuta cha kutupa. Kila Desemba anapopanda kutoka Dar kwenda kwetu Kilimanjaro, huongeza safari mpaka hapa Moshono kumsalimia mama, na kabla hajamaliza chai anakuwa ameshanyoosha kidole. Mwaka mmoja kilikuwa kochi. Mwaka mwingine lilikuwa jiko la mkaa, utafikiri gesi ananunua yeye. Mwaka ninaousimulia, kidole kiliangukia kompyuta ya marehemu baba.

"Hili dude bado lipo?" alisema. "Hata makumbusho hawalipokei."

Dude lilikuwa dude kweli, sibishi. Baba alilinunua alipofunga duka lake la vipuri: boksi jeusi linalohitaji mtu mwenye kiuno kizima kulihamisha, na skrini pana iliyokula nusu ya meza. Alisema ataandikia kumbukumbu za maisha yake. Aliandika kichwa cha habari, kisha akacheza karata humo mpaka alipofariki. Mimi ni kitinda mimba, na kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi, kwa hiyo nilirithi nyumba, mama na dude, vyote kwa pamoja. Kaka alirithi haki ya kutoa maoni.

Nililibadilishia diski, nikaliwekea Windows ya karibuni, likawa linakwenda bila kulalamika. Kwa mama lilikuwa na kazi moja tu. Dada yetu ni nesi Ujerumani, na kila Jumapili baada ya ibada ya kwanza anampigia mama simu ya video. Macho ya mama yalikuwa yanaondoka. Daktari alishatuambia kwamba yaliyopotea hayarudi, tuombee yaliyobaki. Kwenye simu, uso wa dada ni mdogo kama biskuti, mama haambulii kitu. Kwenye skrini ya baba, akisogea karibu, aliweza kuona meno ya binti yake akicheka.

Kaka naye alishaleta msaada wake. Alileta kishikwambi ndani ya boksi jeupe, akampiga mama picha akiwa amekishika, akaisambaza kwenye kundi la ukoo, akaondoka. Kishikwambi ni kioo kitupu. Mtu asiyeona vizuri anaishi kwa vidole, na kioo hakina cha kukiambia kidole. Mama aligusa huku akakata simu, akagusa kule kikaanza kuimba. Kikaishia kabatini chini ya sahani za wageni, na sahani zilikuwa na faida zaidi.

Shida ya dude ilikuwa matundu. Mama hakubali kuiacha kamera ikiwa imechomekwa wiki nzima. "Siwezi kula huku jicho linanitazama," anasema. Akimaliza kuongea anaichomoa, anaiviringisha kwenye leso, anaiweka kabatini. Ile kamera ya zamani ilikuwa na ile USB bapa ambayo ina upande mmoja wa haki na mwingine wa batili, na hata mimi mwenye macho yangu mawili huigeuza na kuigeuza tena kabla haijakubali. Mama alikuwa anaisukuma kwa nguvu za mwanamke aliyelea watoto peke yake huku mume akiuza vipuri. Tundu moja likavunjika ulimi, likafuata la pili, mwisho hata kamera yenyewe ikapinda mdomo. Dada akatuma kamera mpya, nzuri, yenye maikrofoni ndani, na waya wake ulikuwa wa Type-C, kile kichwa kidogo cha mviringo cha simu za kisasa. Dude halikuwa na tundu la namna hiyo hata moja.

Mimi ni dereva wa watalii. Msimu ukichanganya, Jumapili zangu ziko porini. Mke wangu ni wa kwaya, Jumapili harudi mpaka jioni. Basi mama akawa anasubiri nirudi ndipo nimshikie simu yangu mbele ya uso, na kaka alipoyajua hayo, ile Desemba, aliyachukua kama ushahidi.

"Yaani kuongea na mwanae mpaka dereva arudi kutoka porini? Mama hajiwezi tena. Pasaka nakuja kumchukua, akakae kwangu Dar."

Alisema hivyo mama akiwa palepale, anafuma. Kaka alipotoka kwenda kulitazama gari lake, maana haliachi peke yake muda mrefu, mama aliniita.

"Baba, kule kwake nitakaa kama kifurushi. Nitahamishwa kiti, nitalishwa, nitasubiri. Hapa najua ukuta uko wapi."

Niliumia. Hapa Moshono alikuwa anachuma mboga zake mwenyewe na kuwasha jiko lake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilimshinda, kuchomeka waya, na kwa ajili ya hicho kimoja mtu alitaka kumng'oa.

Nilienda mjini. Sijui vijana wanaouza vifaa vya kompyuta hupewa sharti gani kabla ya kuajiriwa, lakini nadhani la kwanza ni kutomsikiliza mteja. Nilieleza kwa utulivu kwamba nina kompyuta ya mezani ya zamani, nataka kuiongezea matundu ya kisasa.

"Bosi, hiyo imeshapitwa. Chukua laptop."

Duka la pili waliniambia hivyohivyo. La tatu waliniuzia adapta, kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe, huku kwenye Type-C na huku kwenye USB ya kawaida. Nilikichomeka kwenye tundu la mwisho lililokuwa hai. Taa ya kamera ikawaka, picha hakuna, sauti hakuna. Nikarudi.

"Si imewaka taa?" muuzaji aliniuliza.

Nilimwambia ndiyo, imewaka.

"Basi inafanya kazi, bosi."

Niliondoka bila kudai changu, maana mtu kama huyo ukibishana naye unamwongezea umri.

Jibu nilikuwa nalikalia kila siku. Gari ninaloendesha ni kuukuu kuliko dude la baba. Lilipotengenezwa, hakuna aliyeota mambo ya Type-C. Lakini leo kila kiti kina tundu lake, na mzungu anachaji simu yake huku twiga anampita asimwone. Matundu hayo niliyafunga mwenyewe. Hakuna mtu aliyeniambia nilitupe gari. Sasa kama gari linaongezewa, kompyuta ina dhambi gani?

Kule mtaa wa Daraja Mbili nilimpata muuza kompyuta za mtumba aliyekuwa na kadi ya kuongezea matundu, imelala kwenye droo pamoja na betri zilizokufa. Ilikuwa na Type-C moja na USB mbili za kawaida. Alikuwa hajui inafanya nini, ila bei yake aliijua vizuri. Akanipa na kisahani cha CD kilichokuja nayo, akacheka kwamba siku hizi nani ana mahali pa kukiweka. Nilimwambia dude langu linapo mahali hapo. Hakucheka tena.

Nililifungua ubavuni kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na vumbi la viangazi vyote tangu nilipobadilisha diski, na mende aliyejifia kwa amani juu ya feni. Nikapuliza, nikafuta kwa brashi ya rangi. Kwenye mazabodi, ile bodi kuu inayobeba vyote, kulikuwa na nafasi fupi, tupu, haijawahi kuguswa. Nikang'oa kile kibati kinachoziba nyuma ya boksi, nikaikandamiza kadi mpaka ikakaa, nikaifunga kwa skrubu, nikaipa umeme kutoka kwenye waya wa ziada wa pawa saplai. Niliwasha nikiwa nimenuna, nikisubiri kudharauliwa. Kisahani kikasomwa. Kamera ikafunguka, na kwenye skrini nikaona sura ya mwanaume aliyenuna.

Kazi yote haikufika muda wa kuchemsha makande. Maduka matatu yalikuwa yameshindwa.

Lakini matundu ya kadi hukaa nyuma, na nyuma ya dude ilitazama ukuta. Mama angelazimika kupinda mkono na kupapasa katikati ya nyaya za umeme. Kwa hiyo niligeuza boksi zima, uso ukutani, mgongo sebuleni. Ikawa sura mbaya: nyaya, feni, vibati, vumbi lililogoma. Mama alipitisha kiganja, akaelewa nilichofanya, akashtuka.

"Wageni wakija itakuwa inawapa mgongo?"

"Ndiyo, mama. Lakini tundu liko hapa, unalifikia."

Nikampa waya. Nikamwambia hii ya kisasa haina juu wala chini, achomeke anavyotaka. Alichomeka, ikaingia. Akachomoa, akaugeuza waya kwa makusudi, akachomeka tena, ikaingia vilevile.

"Sasa hao waliotengeneza hii walikuwa wapi siku zote?" alisema.

Lile la mgongo halikumtoka. Nyumba ya mama kila kitu kina kitambaa cha kufuma: makochi, redio, meza, mtungi wa maji. Kitu kisicho na kitambaa anakiona kiko uchi. Akalipima boksi kwa shubiri, akaanza kufuma kwa vidole tu, maana macho yalikuwa hayamsaidii tena kwenye uzi. Kilipokamilika kilifunika mgongo wote wa dude. Pale penye feni aliacha duara wazi. "Hapa ndipo inapopumulia," alinieleza, mimi niliyeifungua. Na pale penye tundu la Type-C aliacha kidirisha kidogo, akakizungushia uzi mnene wa sweta, ili kidole kikipita kwenye uzi mwembamba kijue kimefika. Kitufe cha kupokelea simu kwenye kibodi nilikigandishia kipande cha plasta, na dude nikalipanga liwake lenyewe akibonyeza swichi ya ukutani. Siku hiyohiyo alichomeka mwenyewe, akapokea mwenyewe, na mimi akanituma dukani nikanunue sukari, ili nisisimame nyuma yake.

Pasaka kaka alifika kama alivyoahidi, na mkewe, na watoto. Kwanza aliwapeleka kwenye maziwa ya Momela kuona ndege heroe, maana hawezi kupita mahali bila kupiga picha. Kazi yangu imenifundisha kuwajua watu wa aina hiyo: wanatazama ziwa kwa simu wakiwa ndani ya gari, kisha wanauliza choo kiko wapi. Alipoingia ndani alimsogezea mama simu mpaka puani.

"Ona, mama, walivyojaa."

"Wamejaa," alisema mama, ambaye hakuwa ameona hata ndege mmoja.

Kisha kaka akauliza begi la mama liko wapi. Mama alisimama, akaenda kabatini, akafunua leso, akatoa kamera. Akaiweka juu ya skrini, akabonyeza swichi ya ukutani, kisha kitufe cha skrini. Mkono wake ukashuka kwenye kitambaa, ukapita uzi mwembamba, ukafika kwenye uzi wa sweta, na waya ukaingia. Akakaa, akajifunga kitenge vizuri, akasubiri. Simu ilipolia alipapasa plasta, akabonyeza. Dada akajaa kwenye skrini.

"Shikamoo, mama. Nani amekuwashia leo?"

"Marahaba. Nimewasha mwenyewe. Kaka yako yuko hapa, amekuja kunichukua. Msalimie kabla hajaondoka."

Kaka alilitazama dude, akalizunguka, akainama, akatafuta kosa kwa bidii ambayo sijawahi kuiona akiitumia kwenye jambo la maana.

"Lakini hili boksi linatazama ukutani," alisema.

Hilo ndilo alilolipata. Kesho yake aliondoka, na nafasi ya mama kwenye gari ikajaa ndizi alizokuja nazo kutoka Kilimanjaro.

Mwaka ule ukaenda. Msimu ulipochanganya nililala mahemani, na kila Jumapili nilijua kwamba mama anaongea na mwanae bila kumsubiri mtu. Ilinipa raha, na raha hiyo nusu yake ilikuwa ya kumshinda kaka, sifichi.

Mvua za vuli zilipoanza, nilirudi Jumapili moja bila kutarajiwa, wageni walikuwa wamekatisha safari. Nilipofika mlangoni nilisikia sauti ya dada kwenye spika. Mama alikuwa amekaa mahali pake, mgongo umenyooka, kitenge kizuri, kamera juu, waya umeingia kwenye kidirisha cha uzi wa sweta. Skrini ilikuwa nyeusi. Ina kitufe chake cha kuwashia, na haikuwa imewashwa.

"Umependeza leo," mama aliiambia ile skrini nyeusi. "Hiyo rangi inakufaa. Na uso umejaa, unakula vizuri."

"Asante, mama. Hata wewe umependeza."

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe, nikaurudisha. Walipoagana, mama alichomoa waya, akaiviringisha kamera kwenye leso. Akageuka moja kwa moja nilikosimama.

"Umerudi mapema."

"Skrini haikuwaka, mama."

"Najua. Tangu mvua zianze, ikiwaka na isipowaka kwangu ni sawa. Nikaona niache kumaliza umeme." Akafunga kabati. "Yeye ananiona, inatosha. Dada yako usimwambie, atalia kazini. Na kaka yako ndiyo kabisa."

Haikupita wiki kaka akapiga simu kunijulisha kwamba Desemba atapita. Aliuliza kama lile dude bado lipo. Nikamwambia lipo. Akauliza macho ya mama yanaendeleaje.

Nikamwambia mama anatuona wote vizuri tu.