Mama Dative wa Kilio: Mashuhuri wa Tolliver, Mtakatifu wa Kingstanding

Alizaliwa Luvungi, katika bonde la mto Ruzizi, mashariki mwa Kongo, mwaka 1958, siku ambayo jirani yao alikuwa amefiwa. Waliomfahamu wanasema ndiyo sababu. Sauti yake ya kwanza duniani ilichanganyika na ya waombolezaji wa nyumba ya pili, na bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akiongoza vilio katika vijiji vyote vya bonde lile, aliiacha maiti ya watu akaja kumtazama mtoto mwenye mapafu ya namna hiyo. Kwao kulia msibani si kutoa machozi tu. Anayeongoza hulitaja jina la marehemu, humtaja mama yake, husema alipenda kula nini na alimkosea nani, kisha hutandika mkeka na kulala pale pale mpaka matanga yaanuliwe. Dative alijifunza yote hayo mapema. Alipofikia umri wa komunyo ya kwanza tayari aliweza kumlilia jogoo aliyechinjwa hadi watu wakaona ameacha pengo katika ukoo, na wakamla kwa heshima.

Aliolewa na Séverin, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole mwenye kupenda ndizi za kuchoma, na baada ya miaka mingi ya novena wakajaliwa mtoto mmoja tu, Gisèle. Mtoto hajatambaa, mwishoni mwa mwaka 1996, vita vikafika Luvungi. Séverin alipigwa risasi barabarani, adhuhuri, mke wake akiona. Dative alijitosa kwenye matete kando ya mto, mtoto kifuani, na watu wenye bunduki wakapita karibu kiasi cha yeye kuwasikia wakigombea sigara. Mwanamke aliyeweza kumlilia jogoo hakuweza kumlilia mume wake. Tena Gisèle alipoanza kulia, alimziba mdomo kwa kiganja, akaziba kwa nguvu zake zote, mpaka watu wale wakaondoka. Alipotoa mkono, mtoto alikuwa hai, lakini hakulia. Hakulia njiani, wala katika kambi ya Nyarugusu, Tanzania, walikokaa zaidi ya miaka kumi. Akiugua malaria alinyamaza, akidungwa sindano alinyamaza, na akina mama wengine wakamsifu kwamba ni mtoto mwema. Dative hakuipokea sifa hiyo. Aliamini amekizima kilio cha mwanawe kwa mkono wake mwenyewe, na tangu siku ile hakumwomba Mungu jambo jingine kwa bidii kama hilo: amrudishie Gisèle kilio chake.

Mwaka 2008 walipelekwa Marekani, na hapa inatubidi tuueleze kidogo mji wa Tolliver, kwa sababu wenyewe wanapenda sana kuelezwa. Ni mji mdogo kando ya mto Mississippi, katika jimbo la Iowa. Watu wake wote wangeenea katika misa yetu ya Pasaka hapa Birmingham, Uingereza, na viti vikabaki. Uliasisiwa na Kapteni Josiah Tolliver, ambaye meli yake ya moshi ilikwama mchangani. Badala ya kukiri kwamba amepotea, aliwatangazia abiria kwamba wamefika. Waliomwamini wakajenga nyumba, na wasiomwamini pia, kwa kuwa meli haikuondoka. Baadaye pakawa na kiwanda cha vifungo vya mashati vilivyochongwa kutoka kwenye makombe ya mtoni, kikafa ilipokuja plastiki. Ukutani mwa maktaba wametundika picha za wakazi wao mashuhuri: kinyozi aliyemnyoa mgombea urais, akashindwa, mwanamke aliyevuka mto ndani ya pipa la achari na kutokea upande ule ule alioingilia, na mcheza besiboli aliyeitwa ligi kuu kwa mchana mmoja, mvua ikanyesha. Tunasimulia haya bila dharau. Kila mji una haki ya watakatifu wake. Kapteni mwenyewe alizama mtoni akiifuata kofia yake, na kila Agosti mji humzika upya: hushindilia majani makavu ndani ya suti, huyalaza jenezani, kisha huyatembeza kwa bendi ya tarumbeta hadi ukingoni mwa mto.

Hakuna aliyewaeleza wageni jambo hilo. Agosti yao ya kwanza Dative alisikia tarumbeta, akatoka nje, akaona jeneza. Akaona pia watu wanalifuata huku wanakula soseji, wengine wanacheka, wala hakuna jicho lenye unyevu. Alidhani wamerogwa. Akajifunga kitenge kiunoni, akavua viatu, akajitupa katikati ya barabara, na kilio kilichokaa tumboni tangu kule kwenye matete kikatoka chote.

"Maman, please! Ile haiko mutu!" Gisèle, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimnong'oneza huku akimvuta mkono. "Ni majani tu balivalisha suruali."

"Hata kama ni majani," Dative akajibu bila kuinuka. "Mama yake iko wapi? Ni nani iko anamulilia?"

Bendi ikanyamaza. Mpiga tuba, mzee aliyefiwa na mkewe mwaka ule na kurudi kazini kesho yake, alilaza tarumbeta lake kubwa chini, akaketi ukingoni mwa barabara, akalia. Akafuata muuza soseji. Haikuchukua muda mji mzima ukawa unalia, kila mtu na wake, na kapteni wa majani akapata maziko aliyoyakosa tangu azame. Meya alimwuliza Gisèle mama yake anahitaji msaada gani. Mama yake alihitaji mkeka, sufuria kubwa, na ruhusa ya kulala katika ukumbi wa mji mpaka matanga yaanuliwe. Akapewa vyote. Aliyebaki na macho makavu mjini Tolliver alikuwa Gisèle peke yake, naye alikuwa anatafsiri.

Hapo Dative alipata wito wake. Alipatana na Mungu kwamba kila mtu atakayezikwa bila wa kumlilia, yeye atamlilia, na Mungu kwa upande wake amkumbuke Gisèle. Wasomi wa teolojia wametuambia kwamba Mungu hafanyi biashara ya namna hiyo. Tumewasikia. Dative hakuwasikia, na kwa miaka zaidi ya kumi aliwalilia wazee wa Tolliver mmoja baada ya mwingine, hadi nao wakampiga picha na kumtundika ukutani, kati ya mwanamke wa pipa na yule wa besiboli.

Gisèle akakua, akasomea ukunga, yaani akachagua kazi ya kungoja watoto wa watu walie. Mwaka 2019 aliolewa na Arsène, kijana wa jumuiya yetu ya kanisa anayekaa Kingstanding, mtaa wa hapa Birmingham, na baada ya kuhangaishana sana na watu wa viza mama yake akamfuata. Birmingham haina mto wa kujivunia. Mto Tame, pale Perry Barr, unaweza kuuvuka kwa basi usijue. Lakini ina wazee wanaokufa peke yao, wakazikwa na halmashauri asubuhi mapema, padre au mchungaji wa zamu mbele na viti vitupu nyuma. Dative aliijua habari hiyo kabla hajajua bei ya mkate. Alipanda basi, akaketi mstari wa mbele, akamwuliza mbeba jeneza jina la marehemu, akaanza. Wabeba majeneza wakamzoea, wakawa wanamwekea kiti.

Gisèle aliona haya. "Maman, batu ya hapa banaliaka moyoni," alimwambia.

"Moyoni kinaozaka," mama yake akajibu.

Alijua alisemalo. Gisèle alipojifungua mtoto wake, alimzaa kimya hata daktari akauliza kama amezimia. Dative alikuwa nje ya mlango. Alisikia sauti ya mtoto, hakusikia ya mama, akarudi nyumbani na huzuni ambayo Arsène, aliyekuwa akirukaruka kwa furaha, hakuielewa kabisa.

Majaribu yake makubwa yalikuja mwaka 2022, ule wa Michezo ya Jumuiya ya Madola. Jirani yao alikuwa Kewal, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, fundi seremala mstaafu, mjane, asiyetembelewa na mtu. Siku moja gari la wagonjwa lilimchukua. Abshiro, Msomali aliyelelewa Nairobi na anayekaa mlango wa tatu, alikuja na wasiwasi. "Mama, huyu mzee sijamwona tangu ile ambulance. Hata pazia hazijafunguliwa." Kwetu sisi hiyo ni taarifa kamili. Dative alitandika mkeka mbele ya mlango wa Kewal na kuanza kumlilia kwa jina. Kwaya ikaja. Padre Djo wa parokia yetu akaja, akasoma sala za marehemu. Abshiro akaleta sambusa, akisema msiba hauna dini, na sombe, yaani kisamvu, ikapikwa kwa Arsène. Siku ya pili, watu wamejaa hadi barabarani, teksi ilisimama na Kewal akashuka, mkononi ana mfuko wa dawa.

"Nani amekufa?" akauliza.

Watu walitazamana. "Ni wewe, mzee," Abshiro akasema.

"Lini?"

 Kewal aliutazama umati, akaitazama sufuria, akaketi mkekani taratibu kwa sababu ya mshono. "Sasa mbona mmenyamaza? Endeleeni. Huyu mama alikuwa amefika pale pa kusifu roho yangu nzuri."

Wakaendelea. Alikula matanga yake mwenyewe, akamsahihisha Dative mahali pawili kuhusu ujana wake Kisumu, na palipotajwa marehemu mkewe akafunika uso kwa kilemba. Wako waumini wanaosimulia hadi leo kwamba alifufuka. Haki isemwe: alitolewa mawe ya nyongo. Ila Kewal mwenyewe hapendi tuwakosoe. Anasema tangu mke wake afariki hakuna aliyelitaja jina lake, yeye Kewal, kwa sauti, na kwamba alikuwa amekufa kidogo.

Padre Djo hakucheka. Alikuwa amemwombea pumziko la milele mtu aliyekuwa kitandani akilalamikia supu ya hospitali, na habari ilikuwa imefika Small Heath, upande wa pili wa mji, kwenye maduka ya Coventry Road, kabla yeye hajafika parokiani. Akamkataza Dative kulia hadharani. Dative alitii, jambo lililomwumiza kuliko kuhama nchi, maana aliona mapatano yake na Mungu yanavunjika na Gisèle bado hajalia. Kisha mama mzazi wa Padre akafariki huko Bukavu, na karatasi zake Padre hazikumruhusu kusafiri. Alikuja Kingstanding, akabisha mlango.

"Maman, kuya unisaidie kulia."

"Minakatazwa, Padiri."

"Ni nani alikukataza?"

"Ni weye."

Padre alisimama pale kizingitini kama mtu aliyesahau funguo. "Basi, nimeondoa," akasema, na akaanza kulia hajavua koti.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 Dative alianguka. Moyo ulikuwa unamsumbua muda mrefu naye hakumwambia mtu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na yeye alikijua kilio kuliko sisi sote. Alilazwa. Alasiri ya mwisho Gisèle alikuwa peke yake naye, na Kewal ameketi koridoni akimenya machungwa. Gisèle alifanya kama afanyavyo siku zote: alinyoosha shuka, akasoma mashine, akawauliza wauguzi maswali ya kitaalamu. Alipofika karibu, mama yake alimshika kwa kile kiganja kilichomziba mdomo, akamvuta.

"Gisèle," akasema. "Bale batu balishapita. Hakuna mwenye anatutafuta tena. Lia, mama."

Akakata roho. Gisèle alimfunga macho. Alitazama saa, kama wafanyavyo wakunga. Halafu sauti ikaanza. Ilianza ndogo, ya mtoto mchanga, kwa maana pale ndipo ilipokatiwa, kisha ikakua miaka yote ile kwa mara moja: akamlilia mama yake kwa jina, akamlilia Séverin ambaye hakumkumbuka sura, akataja ndizi za kuchoma. Muuguzi aitwaye Cheryl alikuja mbio akisukuma mashine ya kushtua moyo. Kewal alinyanyuka, akamweleza kwamba mgonjwa ameshakwenda, na kwamba anayelia ni binti yake, na aachwe. Cheryl alichungulia ndani. Akaufunga mlango, akaupa mgongo, akasimama hapo akimrudisha kila aliyekuja kuuliza.

Tulimzika mvuani. Tolliver walituma ombi wapewe japo kitenge chake, maana wanamhesabu kuwa wa kwao. Tumewajibu kwa upendo kwamba hatutoi. Roma haijasema lolote juu yake, nasi hatujauliza. Padre Djo alipotaka kuanza sala kaburini, Gisèle alikuwa bado analia, akampa Padre ishara ya mkono asubiri. Padre alisubiri. Sote tulisubiri, viatu vikijaa matope, na hakuna aliyenung'unika.

Kuna wanaobishana katika jumuiya kama Dative aliwahi kukisikia alichokiomba. Madaktari wanasema alikuwa ameshakufa, dakika chache tu. Padre anasema masikio huondoka mwisho. Sisi tunawaomba wasomaji wamwige kwanza, wabishane baadaye: ukisikia kuna msiba mtaani kwako, usiulize marehemu ni ndugu ya nani, nenda, uliza jina lake, ulitaje kwa sauti. Na wakikuambia wafu hawasikii, waambie kwamba sauti ya Gisèle ilisikika hadi kwenye maegesho ya magari, ghorofa tano chini, madirisha yamefungwa. Mbinguni ingeshindwaje kufika?