Kitanda cha Bakari, Njia ya Pundanhar

Niliondoka Quionga kwa sababu shemeji yangu Bakari alinipigia simu akilia. Alisema kitanda cha ndani ya karavana kimevunjika, na mimi ni fundi seremala, basi niende nikakitengeneze ili mkewe arudi. Mkewe ni Fatuma, mdogo wangu. Hiyo karavana ni gari kuukuu lenye chumba, jiko na mahali pa kulala humo humo. Bakari aliuza shamba la minazi akalinunua kwa mgeni mmoja, wakati ule kila mtu alipokuwa akisema gesi imepatikana baharini na mwenye akili ajisogeze karibu na kazi.

Palma nilifika adhuhuri kwa pikipiki, mvua imenilowesha mimi na mfuko wangu wa vifaa. Fatuma alikuwa kwa shangazi yetu, upande wa ghuba ya Tungue. Nilimkuta mkekani, ameegemea ukuta, kanga kaikaza tumboni. Shangazi ndiye aliyenieleza, kwa sauti ya chini: kitanda kilikatika Fatuma amelala, akaangukia vyuma vya chini, na mimba ikatoka.

"Bakari hakuniambia," nilisema.

"Hawezi kulitamka," Fatuma alijibu. "Kitanda kakiunda mwenyewe. Nilimwambia kinalia, akasema kitazoea."

Nilitaka kugeuza njia nirudi nyumbani. Akanishika mkono.

"Nenda, kaka. Kitengeneze vizuri. Mimi sirudi kule, lakini yeye bado analala humo."

Kutoka Palma kwenda Pundanhar ilikuwa tope tupu. Lori lililonichukua lilikwama, tukashuka kulisukuma, likakwama tena. Karavana niliikuta kando ya barabara, jirani na kambi ya wapimaji ardhi wa kampuni ya gesi. Bakari alikuwa akiwauzia chai na kuwachajia simu. Sasa walikuwa wamekwisha kuhama, wamebakiza vigingi na madebe matupu, naye kabaki palepale na birika lake, ndevu hazijanyolewa.

Nilipoinua godoro nikaona yote. Mifumbati, zile mbao ndefu za ubavuni, ilikuwa mbao laini za makasha, imeshikwa kwa misumari mitupu. Chaga za kubebea godoro zilikuwa nyembamba na za kuhesabika, na katikati hapakuwa na tegemeo lolote. Gari lilipokuwa likirukaruka mashimoni, misumari ilizidi kulegea. Tulitafuta mbao ngumu ya mbambakofi pale kijijini, nikapasua mifumbati mipya na kuifunga kwa bolti kwenye ubavu wa gari. Nikapitisha boriti katikati, nikaipa matendegu, miguu yake ya kusimamia, kisha chaga nikazipanga karibu karibu na kuzikaza kwa skrubu. Bakari alinishikia mbao mchana kutwa.

"Sasa kitamchukua?" aliuliza.

"Kitachukua hata watu watatu," nilijibu, na palepale nikatamani nilimeze neno lile.

Bakari alikaa sakafuni.

"Shemeji," nikamwambia, "Fatuma harudi."

"Kasema mwenyewe?"

"Kasema nikitengeneze vizuri, kwa sababu wewe unalala humu."

Alianza kuokota maranda sakafuni, moja moja, akiyatia kwenye birika. Jioni alinitandikia kitanda, yeye akajilaza chini penye maranda. Nilimsihi apande, akakataa. Kitanda kilikuwa imara, lakini usingizi sikuupata.

Asubuhi alinisindikiza hadi barabarani, akaniomba nimsalimie mkewe. Salamu nilizifikisha Palma. Fatuma aliuliza kama kitanda kimeshika, nikamwambia kimeshika. Akafunga nguo zake, tukapanda gari la Quionga.

Zamani mtu akiniletea habari ya kitanda kilichovunjika, nilikuwa namuuliza urefu na upana. Sasa namuuliza kwanza ni nani aliyekuwa amelala.