Kwa Nini Niliitwa Lea

Mpaka naolewa niliamini jina langu ni la Kiswahili. Naitwa Lea, na nililelewa na bibi mzaa mama huko milimani Uluguru, wakati mama akihangaika na mashamba ya mpunga Dakawa. Bibi aliwaambia wageni, "Huyu niliambiwa lea, nami nikalea." Sikuona la kuuliza zaidi.

Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya hapa Morogoro mjini, katekista wetu akaniambia kuwa Lea ni jina la Kiebrania.

"Maana yake ni aliyechoka," alisema. "Wengine husema ni ng'ombe jike."

Wanakwaya waliangua kicheko. Nami nilicheka, lakini jambo lile halikunitoka kichwani. Nani anampa mtoto mchanga jina la uchovu?

Jumamosi nikamfuata mama sokoni, ambako siku hizi anauza karoti na njegere. Nilimpa shikamoo, nikakaa juu ya gunia, nikaanza kumenya njegere pamoja naye.

"Mama, jina langu ulilitoa wapi?"

"Mimi? Alikupa yule sista wa zahanati ya misheni."

"Si bibi?"

"Bibi yako alikukuta una jina tayari."

Akanisimulia. Uchungu ulimshika akipalilia kabichi. Aliteremka mlima kwa miguu, akishika miti, na alipojifungua hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa. Sista akamuuliza mtoto ataitwa nani.

"Nikamwambia, sista, nimechoka. Akauliza tena. Nikamwambia nimechoka, niache nilale. Akacheka, akasema, basi huyu ni Lea. Nikaitikia tu ili aondoke."

"Hukumuuliza kwa nini Lea?"

"Nilikuwa na nguvu ya kuuliza?"

Nikamwambia alichosema katekista. Lile la ng'ombe nililiruka. Mikono yake ikasimama, ganda la njegere likiwa nusu wazi. Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Kumbe alinisikia! Mimi nilidhani amechagua lolote lililomjia."

Mteja akaja, akapimiwa karoti zake, akaenda. Mama akachukua ganda jingine la njegere.

"Na langu je?" akasema. "Nimelibeba miaka yote hii, sijui linasema nini. Kamuulize huyo katekista wako."

Nimemuuliza. Bado anatafuta.